Jinsi ya kujua kama unayemdai Marekani amefungua kesi ya kufilisika

Mtu unayemdai akianza kutopokea simu, wengi hufikiri mambo mawili: amehama, au anakukwepa. Lipo la tatu, na hilo ndilo la kuangalia kwanza kwa sababu lina tarehe za mwisho: huenda amefungua kesi ya kufilisika. Kwa sheria ya Marekani, ombi la kufilisika likishapokelewa tu mahakamani, kila mdai anatakiwa kuacha kudai papo hapo, hata yule ambaye hajapata habari. Wakati huohuo siku za kuwasilisha dai lako zinaanza kuhesabiwa. Anayegundua mapema huenda akapata sehemu ya fedha zake. Anayegundua mwaka mmoja baadaye mara nyingi hukuta deni limeshafutwa kisheria.

Uzuri ni kwamba kesi hizi ziko wazi kwa umma. Huhitaji wakili ili kuzitafuta, wala ruhusa ya mdaiwa, na gharama ni senti chache au hakuna kabisa. Ila fahamu kwamba njia zilizoelezwa hapa zinaonyesha kesi za Marekani peke yake. Aliyefilisika Kenya hutafutwa kwenye Gazeti la Serikali linalotoka kila Ijumaa, chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015. Kwa Tanzania, mlango wa kuanzia ni RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini. Huko kote PACER, mfumo wa intaneti wa mahakama za Marekani utakaoelezwa hapa chini, haifiki.

Ukiambiwa kwa mdomo

Wengine hawanyamazi. Wanakwambia "nimefaili bankrapsi" na kukata simu. Neno hilo usilipuuze, na pia usiliamini hivihivi. Usilipuuze kwa sababu ukishaambiwa, sheria inakuhesabu kuwa umejua, hata kama barua ya mahakama haijakufikia. Ukiendelea kumtumia ujumbe wa kudai na kumbe kesi ipo, unaweza kuamriwa umlipe fidia pamoja na gharama za wakili wake. Na usiliamini hivihivi kwa sababu ni neno jepesi sana kulisema.

Muulize vitu vitatu: namba ya kesi, mahakama ya wilaya gani, na jina la wakili. Namba ya kesi huandikwa kwa mtindo wa 25-10234, na tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka kesi ilipofunguliwa. Anayejibu "bado, wakili anashughulikia" hajafungua. Kumlipa wakili, au kumaliza somo la ushauri wa mikopo ambalo sheria inamtaka alipitie kwanza, si kufungua kesi. Kinga yake inaanza pale ombi lenyewe linapoingia mahakamani, si kabla ya hapo.

Kusanya taarifa hizi kwanza

Jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Majina mengine aliyowahi kutumia. Jina la mume au mke, kwa kuwa wanandoa wanaweza kufungua kesi moja pamoja na jina unalolijua likawa la pili kwenye orodha. Majimbo aliyoishi karibuni. Na kama ulimpangisha nyumba au mliandikiana mkataba wenye namba ya Social Security, itafute karatasi hiyo. Hata tarakimu nne za mwisho ni msaada mkubwa.

Suala la jimbo lina mtego wake. Mtu hufungua kesi katika wilaya alikoishi sehemu kubwa ya siku 180 zilizotangulia. Aliyehama Columbus kwenda Dallas miezi miwili iliyopita bado anapaswa kufungua Ohio. Ukitafuta Texas tu utatoka mikono mitupu na kudhani hakuna kitu. Tena jimbo kubwa linakuwa na wilaya kadhaa: Texas na California zina nne kila moja.

Simu ya bure

Njia ya haraka kuliko zote ni mashine ya simu ya mahakama za kufilisika inayoitwa McVCIS, namba 1-866-222-8029. Inafanya kazi saa 24 na hailipiwi. Itakuuliza mahakama ya wilaya gani, kisha utatafuta kwa jina, kwa namba ya kesi au kwa namba ya Social Security. Kesi ikiwepo, itakusomea jina la mdaiwa, namba ya kesi, tarehe ya kufunguliwa, sura ya sheria iliyotumika, wakili, hakimu, msimamizi wa mali, tarehe ya mkutano wa wadai, na kama madeni yameshafutwa.

Weka kalamu na karatasi kabla ya kupiga, maana mashine inasoma haraka. Andika namba ya kesi na tarehe ya kufunguliwa kabla ya chochote kingine, kwa kuwa mambo mengine yote utayapata kupitia hizo mbili. Udhaifu wa simu ni majina. Jina la Kiswahili au la Kikongo likitamkwa mashine inaweza kulisikia vingine kabisa. Chagua kuliandika kwa vitufe vya simu, au tumia namba ya Social Security kama unayo. Na simu ikikwambia hakuna kesi, usiishie hapo.

PACER hatua kwa hatua

PACER ni mfumo wa intaneti wa mahakama za shirikisho, na ndiyo kumbukumbu yenyewe, si nakala ya mtu. Tovuti zinazouza "taarifa za mtu yeyote" kwa ada ya kila mwezi huchukua kumbukumbu hizihizi zikiwa zimechelewa.

1. Nenda pacer.uscourts.gov ufungue akaunti ya kutafuta kesi tu. Kufungua ni bure. Ukiweka kadi ya benki, akaunti inaanza kufanya kazi upesi. Usipoweka, utatumiwa msimbo kwa posta na utasubiri siku kadhaa.

2. Fungua PACER Case Locator. Hii inatafuta nchi nzima kwa mara moja, jambo ambalo simu haiwezi. Chagua kesi za kufilisika pekee, uache za madai na za jinai.

3. Andika jina la ukoo, kisha la kwanza. Kabla ya kubonyeza, punguza uwanja: weka jimbo, au kipindi cha tarehe za kufunguliwa kuanzia siku uliyomkopesha.

4. Ukiwa na namba ya Social Security, itumie kamili. Au weka tarakimu nne za mwisho pamoja na jina la ukoo. Kampuni unaweza kuitafuta kwa namba yake ya kodi.

Gharama ni senti 10 kwa ukurasa. Hati moja haizidi dola 3 hata ikiwa na kurasa mia. Kikomo hicho cha dola 3 hakihusu orodha ya matokeo ya jina, na hapa ndipo watu wanapochomwa: ukiandika "Mohamed Ali" nchi nzima bila tarehe wala jimbo, utaletewa kurasa na kurasa na kila mmoja unahesabiwa. Hata utafutaji usioleta kitu unatozwa ukurasa mmoja. Lakini matumizi yako yakibaki dola 30 au chini ya hapo kwa miezi mitatu ya robo mwaka, yanasamehewa yote. Mtu anayemtafuta mdaiwa mmoja kwa uangalifu kwa kawaida halipi chochote.

Kumbuka kwamba Case Locator inapokea taarifa za mahakama usiku. Kesi iliyofunguliwa asubuhi ya leo haimo. Ukihitaji uhakika wa leo leo, kwa mfano unakwenda mahakamani mchana, ingia kwenye mfumo wa mahakama ya wilaya husika kwa akaunti hiyohiyo ya PACER, utafute pale moja kwa moja.

Asiyetaka kuweka kadi mtandaoni anaweza kwenda kwa karani wa mahakama ya kufilisika. Kuna kompyuta za umma, kutazama ni bure, na kuchapisha ni senti 10 kwa ukurasa.

Majina yetu ndiyo yanayoficha kesi

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu wengi wanaokosa kesi iliyopo wanaikosa hapa.

Mfumo wa Marekani unataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Majina ya Afrika Mashariki hayakupangwa hivyo. Mtu anayeitwa Juma Hamisi Salum ana jina lake, la baba na la babu. Afisa mmoja ataandika Salum kuwa ukoo, mwingine Hamisi Salum kwa pamoja. Mkongomani ambaye nyumbani jina la ukoo linatangulia anaweza kuingizwa kinyume, jina la ubatizo likawa ukoo. Na wapo waliopewa viza wakiwa na jina moja tu kwenye pasipoti. Hao huandikiwa FNU mahali pa jina la kwanza, yaani jina la kwanza halijulikani, na herufi hizo huwafuata kwenye leseni, benki, hadi mahakamani. Kama unayemfahamu kwa jina la Zawadi humpati popote, jaribu ukoo Zawadi na jina la kwanza FNU.

Kisha kuna tahajia. Ally na Ali. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Abdallah, Abdalla, Abdullah. Hussein na Hussain. Rashid na Rashidi. Jaribu zote, kila moja kwa utafutaji wake, na zigeuze pia mbele nyuma. Kwa mwanamke tafuta jina la ndoa na la kabla ya ndoa.

Linalosaidia ni kwamba fomu ya ombi, fomu namba 101, inamtaka mfunguaji aandike majina yote aliyotumia katika miaka 8 iliyopita, pamoja na majina ya biashara zake. Majina hayo huingia kwenye mfumo na yanatafutika. Kwa hiyo jina la duka lake au la huduma yake ya usafi nalo ni ufunguo.

Ukipata jina linalofanana, usirukie kusema ni yeye. Fungua ombi lenyewe, ulinganishe anwani na tarakimu nne za mwisho za Social Security. Kwenye hati za umma tarakimu nyingine hufichwa. Kumtangazia mtu katika kundi la WhatsApp kwamba amefilisika na kumbe ni mwenye jina kama lake ni kumdhuru asiye na kosa.

Kusoma ulichopata

Angalia sura kwanza. Sura ya 7 ni ya kuuza mali isiyokingwa na sheria, kisha kugawia wadai fedha zake. Kwa mtu wa kawaida mara nyingi hakuna cha kuuza. Sura ya 13 ni ya mwenye kipato anayelipa kidogo kidogo kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. Sura ya 11 hutumiwa zaidi na biashara. Sura ya 13 kwa mdai wa kawaida ina matumaini kuliko ya 7.

Halafu hali ya kesi. Neno Closed peke yake halikwambii lolote la maana; ni faili tu limefungwa. Tafuta kesi ilivyoisha. Discharged ni kwamba amefutiwa madeni, na kumdai tena ni kuvunja amri ya mahakama ya kudumu. Dismissed ni kwamba kesi imetupwa bila kufuta deni, mara nyingi kwa sababu hakuleta nyaraka au aliacha kulipa mpango wa Sura ya 13. Deni lako liko hai na unaweza kuendelea kudai. Kama muda wa kisheria wa kumshtaki ulipita kesi hiyo ikiwa inaendelea, sheria inakupa siku 30 tangu upate taarifa kwamba zuio, yaani lile katazo la kudai lililoanza kesi ilipofunguliwa, limeisha. Siku 30 zinapita upesi.

Angalia pia kama amefungua zaidi ya mara moja. Aliyekuwa na kesi iliyotupwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, zuio la kesi yake mpya huisha baada ya siku 30 mahakama isipoliongeza. Aliyetupiwa mbili ndani ya mwaka huo hapati zuio kabisa mpaka aombe apewe. Usijiamulie mwenyewe kwamba zuio halipo. Omba mahakama ithibitishe kwa maandishi kabla ya kugusa mshahara au mali yake.

Jina lako limo?

Kwenye orodha ya hati za kesi, fungua tatu. Ya kwanza ni jedwali E/F, orodha ya wadai wasio na dhamana. Hapo utaona kama amekuandika, kwa kiasi gani, na kama ametia alama kwamba anabishia deni. Ya pili ni orodha ya anwani za wadai. Ya tatu ni cheti cha kutuma taarifa, kinachoonyesha nani alitumiwa barua, kwa anwani gani na siku gani.

Ukikuta jina lako lipo ila anwani ni ya nyumba uliyohama zamani, umepata jibu kwa nini hukupata barua. Mpelekee karani taarifa ya kubadilisha anwani yenye namba ya kesi mara moja, ili barua zinazofuata zikufikie.

Ukikuta hukuandikwa kabisa, usishangilie. Ni kweli sheria inasema deni lisiloorodheshwa linaweza kunusurika kufutwa, lakini si kama mdai alikuwa amejua kesi kwa wakati. Na katika Sura ya 7 isiyo na mali ya kugawa, mahakama nyingi huona deni limefutwa hata kama halikuandikwa, kwa hoja kwamba mdai hakupoteza mgawo wowote. Kwa hiyo tangu siku uliyoiona kesi, fanya kama umepata barua.

Tarehe za kuweka kwenye kalenda

Taarifa rasmi ya kesi, fomu ya kundi la 309, ina tarehe zote kwenye kurasa mbili tatu za mwanzo. Kama ni 309A, ni Sura ya 7 ya mtu binafsi ambayo inaonekana haina mali ya kugawa, na utaambiwa usiwasilishe dai kwa sasa. Fuata hivyo. Mali ikipatikana baadaye, wadai hutumiwa taarifa nyingine yenye siku 90.

Kwa Sura ya 13, na Sura ya 7 yenye mali, mwisho wa kuwasilisha dai ni siku 70 tangu kesi kufunguliwa. Kesi iliyofunguliwa tarehe 3 Machi 2025, siku yake ya 70 ni 12 Mei 2025. Anayehesabu tangu siku aliyopata barua amekosea hesabu na amechelewa. Sura ya 11 haina siku maalumu. Mahakama inapanga yenyewe.

Dai huwasilishwa kwa fomu 410, bila ada, na mahakama nyingi zinaipokea kwenye tovuti zao bila wakili. Andika kiasi kilivyokuwa siku kesi ilipofunguliwa. Riba ya baada ya hapo haihesabiwi kwa deni lisilo na dhamana. Ambatanisha nakala, si hati halisi: makubaliano, miamala ya Zelle au ya benki, ujumbe alioandika kukiri deni pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Funika namba za akaunti zibaki tarakimu nne. Usiongeze hata dola moja isiyokuwepo, kwani dai la uongo ni kosa la jinai la shirikisho.

Tarehe nyingine ni ngumu zaidi. Kama fedha zilichukuliwa kwa ulaghai, au mtu aliyekabidhiwa fedha za wengine alizila, unaweza kuiomba mahakama deni hilo lisifutwe. Mwisho ni siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano wa wadai, na tarehe hiyo haisogei hata mkutano ukiahirishwa. Hii ni kesi ndani ya kesi, ada yake ni dola 350, na hapa tafuta wakili. Kushindwa kutimiza ahadi si ulaghai. Lazima uonyeshe alidanganya wakati anachukua. Na kama uongo wake ulihusu hali yake ya kifedha, mfano kujidai ana mapato makubwa, sheria inataka uwe wa maandishi. Ukifungua bila msingi katika deni la matumizi ya nyumbani, unaweza kubebeshwa gharama za wakili wake.

Unachoruhusiwa na usichoruhusiwa

Kesi ikiwa wazi: usimpigie kudai, usimtume shemeji akamwambie, usiendelee na shauri lililoko mahakama ya jimbo, na kama mshahara wake unakatwa kwa hukumu yako, simamisha makato hayo mwenyewe bila kungoja kuambiwa. Uliyopokea kimakosa baada ya tarehe ya kufunguliwa, usiyatumie.

Mdhamini aliyesaini naye ni habari tofauti. Katika Sura ya 7 unaweza kumdai mdhamini. Katika Sura ya 13, kwa deni la matumizi binafsi, naye analindwa mpaka mahakama iseme vingine. Mwenye dhamana halisi, kama jina lako limeandikwa kwenye hati ya gari, dhamana yake kwa kawaida haipotei pamoja na deni, lakini kulichukua gari unaomba ruhusa ya mahakama kwanza.

Baada ya deni kufutwa, mdaiwa hazuiwi kulipa kwa hiari yake. Kati ya ndugu na marafiki hilo hutokea. Wewe tu ndiye huruhusiwi kuomba.

Na kama ni ndugu yake, angalia upande mwingine: malipo aliyokufanyia katika mwaka mmoja kabla ya kufungua, msimamizi wa mali anaweza kuyadai yarudi yagawiwe wote. Kwa mdai asiye ndugu wala mshirika, kipindi ni siku 90. Ukiandikiwa barua ya namna hiyo usiitupe.

Kiwanja cha nyumbani

Hili linawahusu wadai wa jamii yetu kuliko wengine. Mali ya anayefilisika Marekani ni mali yote aliyonayo, popote ilipo duniani na kwa mkono wa yeyote. Kiwanja Kigamboni, nyumba ya kupangisha Kitengela, daladala inayoendeshwa na kaka, vyote vinatakiwa kuandikwa kwenye jedwali A/B. Msimamizi wa mali aliyeko Ohio hana namna ya kuvijua. Wewe unaweza kuwa unavijua.

Soma jedwali A/B, kisha fomu 107, ambayo inauliza malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja na zawadi zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili. Kikikosekana kitu unachokijua kwa hakika, mwandikie msimamizi wa mali. Jina na anwani yake viko kwenye taarifa ya kesi. Toa vitu vinavyothibitika: nakala ya hati, namba ya kiwanja, picha zenye tarehe, jina la mpangaji. Maneno ya "kila mtu anajua ana nyumba" hayamfikishi popote.

Pia una haki ya kuhudhuria mkutano wa wadai, ule wa kifungu cha 341. Katika Sura ya 7 na 13 siku hizi hufanyika kwa Zoom, kwa kawaida kati ya wiki tatu na wiki saba baada ya kesi kufunguliwa. Mdaiwa anajibu akiwa ameapa, na mdai anaweza kuuliza bila wakili. Muda ni mfupi, hivyo andaa maswali mawili au matatu ya moja kwa moja: "Una ardhi yoyote nje ya Marekani? Imeandikwa kwa jina la nani? Kodi ya nyumba inaingia akaunti gani?" Jibu la uongo chini ya kiapo linaweza kumnyima kufutiwa madeni yote, na kuficha mali ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5. Usitumie hilo kumtishia ili akulipe wewe pembeni. Peleka kwa msimamizi na uache sheria ifanye kazi.

Kama uliikopesha kampuni

Angalia mkataba ulisainiwa na nani. Mwenye kampuni ya malori anaweza kufilisika yeye binafsi huku LLC yake, yaani kampuni aliyoisajili, ikiendelea kudaiwa, au LLC ikafilisika na yeye akabaki. Ukisainiana na LLC bila yeye kudhamini binafsi, itafute LLC. Jina lake kamili la kisheria lichukue kwenye rejista ya biashara ya jimbo, maana jina lililoandikwa kwenye lori huenda silo. Anayefanya biashara kwa jina lake bila kusajili kampuni ni mtu yuleyule. Tafuta jina lake.

Ukiwa nje ya Marekani

Akaunti ya PACER inafunguliwa popote, Mombasa au Muscat, ukiwa na kadi ya benki inayokubali malipo ya kimataifa. Namba za simu za bure za Marekani mara nyingi hazipatikani kutoka nje, kwa hiyo anza na PACER. Fomu 410 unaweza kuituma kwa posta, ila mahakama inahesabu siku ilipopokelewa, si siku uliyoituma.

Usipopata kitu

Umejaribu tahajia zote, jina la mwenzi, jina la biashara na majimbo yote aliyoishi, na hakuna kesi. Chapisha ukurasa wa matokeo, uandike tarehe na saa, uuweke pamoja na mkataba wako. Ni ushahidi kwamba ulichunguza kabla ya kudai. Halafu endelea kudai kwa njia halali. Rudia utafutaji asubuhi ya siku unayofungua shauri mahakama ya madai madogo, siku ya kusikilizwa, na kabla ya kukaza hukumu kwenye mshahara au akaunti yake, kwa kuwa wadaiwa wengi hufungua kesi ya kufilisika wiki ileile barua ya kukata mshahara inapofika kazini kwao.